Siku saba za Bulls wa raga: nani alikipanga kikosi kilichofungwa 59–22?

Ijumaa ya tarehe 5 Aprili 2024, Simba na Yanga zilitolewa Ligi ya Mabingwa Afrika usiku mmoja. Simba ilifungwa 2–0 na Al Ahly jijini Cairo. Yanga ilitoka kwa penalti 3–2 mbele ya Mamelodi Sundowns kule Pretoria, baada ya lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda, ambalo ubishi wake haujaisha vijiweni mpaka leo. Siku nne baadaye, Jumanne, Simba ikawa hapa kwetu Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, ikatolewa Kombe la FA na Mashujaa kwa penalti 6–5 baada ya sare ya 1–1. Mashujaa walistahili, na furaha ile hakuna wa kutunyang'anya. Ila tuseme ukweli: Simba iliyofika Kigoma ilikuwa imetoka Cairo Ijumaa.

Sasa, uwanja ule Yanga ilipotolewa unaitwa Loftus Versfeld, na wenyeji wake wa siku nyingi ni timu ya raga ya Bulls. Jumamosi tarehe 6, siku moja tu baada ya Yanga kutoka pale, Bulls waliingia kwenye nyasi zilezile wakaifunga Lyon ya Ufaransa 59–19 katika 16 bora ya Champions Cup, kombe kubwa kuliko yote kwa klabu za raga za Ulaya. Jumamosi iliyofuata, tarehe 13, Bulls walikuwa Northampton, Uingereza, kwenye robo fainali. Wakafungwa 59–22.

Waliosikia habari hiyo wengi waliimaliza kwa maneno mawili: kocha aliacha wachezaji nyumbani. Ni kweli, na wala hakuficha. Jake White, kocha aliyeipa Afrika Kusini Kombe la Dunia mwaka 2007, aliwaacha Pretoria wengi wa nyota wake na kupeleka kikosi cha pili kwenye robo fainali ya kombe ambalo klabu nyingine zinalitafuta kwa miaka. Lawama zilikuwa nyingi. Mimi naona sehemu kubwa ya lawama zile ilielekezwa kwa mtu asiyestahili, kwa sababu kikosi kile kilikuwa kimeshapunguzwa na ratiba kabla ya kocha kuandika jina la kwanza. Nitaeleza kwa nini, na pia nitasema alipokosea.

Raga haina kiporo

Sisi wa soka ratiba ikibana tuna kiporo. Timu ikiwa na mechi ya Afrika, mchezo wake wa ligi unasogezwa, unakuja kuchezwa Jumatano fulani huko mbele. Kiporo kina madhara yake, na timu za mikoani zinayajua vizuri: msimamo wa ligi unakuwa hausomeki, mmoja anakutana na mkubwa akiwa amechoka, mwenzake anakutana naye akiwa amepumzika wiki nzima. Lakini angalau mlango upo.

Kwenye raga mlango huo haupo. Watu 15 kwa 15, dakika 80 za kugongana mwili kwa mwili, na mtu wa kilo 110 akikuangusha mara kumi huwezi kuamka Jumatano ukarudia. Timu inacheza mara moja kwa wiki. Mechi ikisogezwa inataka wikiendi nzima ya kwake, na wikiendi zimekwisha. Ndiyo maana mashindano mawili yakigombania wiki moja, kocha wa raga hawezi kucheza yote mawili kwa nguvu zilezile. Anagawa watu.

Na Bulls wako kwenye mashindano mawili. Klabu za Afrika Kusini ziliondoka kwenye mashindano ya Super Rugby ya kusini mwa dunia, na kuanzia msimu wa 2021/22 zinacheza United Rugby Championship, ligi ya timu 16: nne za Ireland, nne za Wales, nne za Afrika Kusini, mbili za Scotland, mbili za Italia. Kila timu inacheza mechi 18, nane za juu zinaingia mtoano. Msimu wa 2022/23 milango ya Champions Cup nayo ikafunguliwa kwao. Kwa hiyo timu ya Pretoria inacheza ligi ya Ulaya na kombe la Ulaya, kwa kalenda ya Ulaya, ikiwa umbali wa takribani kilomita 9,000 kutoka London.

Tofauti ya saa kati ya Pretoria na Uingereza mwezi wa nne ni saa moja tu, kwa hiyo usingizi hauvurugiki sana. Kinachomaliza mtu ni safari yenyewe: kiasi cha saa 11 angani kwa ndege ya moja kwa moja, na zaidi kama unaunganisha njiani, ukiwa umekunja magoti kwenye kiti ambacho hakikutengenezwa kwa mtu wa kilo 120. Kisha basi mpaka Northampton, kama kilomita 100 kutoka London. Tena mpinzani wao na mahali pa kuchezea havikujulikana mpaka Northampton na Munster ya Ireland wamalize mechi yao ya 16 bora, ambayo Northampton alishinda 24–14. Kuanzia hapo unatafuta nafasi za ndege kwa msafara mzima, wachezaji, makocha, madaktari na mizigo, ndani ya wiki hiyohiyo. Bulls wenyewe walieleza kwamba usafiri na mrundikano wa mechi ndivyo vilivyowafikisha kwenye uamuzi ule.

Aliyefungwa ndiye aliyepumzika

Hapa pananishangaza kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki, na sikuona watu wakipazungumzia inavyostahili.

Angalia Munster. Walitolewa na Northampton kwenye 16 bora. Kwa kutolewa kule, wikiendi ya tarehe 13 hawakuwa na mechi. Mechi yao iliyofuata ilikuwa ya ligi, tarehe 20 Aprili, Pretoria, dhidi ya nani? Bulls. Yaani timu iliyopoteza ilipewa karibu wiki mbili za kupumzika, kusafiri taratibu na kuzoea hewa ya Pretoria, mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Bulls, walioshinda, walipewa safari ya kwenda Uingereza, robo fainali, safari ya kurudi, na huyohuyo Munster anawasubiri. Munster wakati huo walikuwa mabingwa watetezi wa ligi, na ndio waliokuwa wakigombania kilele na Bulls.

Sasa kaa kwenye kiti cha White. Wale aliowaacha nyumbani walicheza tarehe 6, kisha wakacheza tarehe 20. Ukihesabu, aliwapa mapumziko yaleyale ambayo ratiba ilikuwa imewapa Munster bure. Watu walisema amedharau kombe. Mimi nasoma kwamba alikuwa anasawazisha kitu kilichopangwa bila usawa.

Halafu kuna suala la nyumbani na ugenini. Kwenye ligi, aliyemaliza juu anakuwa mwenyeji katika mtoano, mpaka fainali. Bulls wakimaliza nafasi za juu wanaweza kupita robo, nusu na fainali bila kupanda ndege hata mara moja. Kwenye Champions Cup, wakiipita Northampton, nusu fainali ingewarudisha Ulaya, na fainali ilikuwa imeshapangwa kuchezwa London tarehe 25 Mei. Njia moja inapita Loftus tu. Nyingine ina safari tatu za kaskazini ndani ya wiki saba, katikati ya mechi za ligi. Kocha yeyote mwenye watu walewale ataanza kupiga hesabu, na hesabu hiyo inaelekea upande mmoja.

Ongeza mwaka wa mchezaji mmoja mmoja. Mchukue Kurt-Lee Arendse, winga wa Bulls. Tarehe 28 Oktoba 2023 alianza fainali ya Kombe la Dunia Paris, Afrika Kusini ikaifunga New Zealand 12–11. Akarudi klabuni, ligi na kombe vikaendelea mpaka fainali ya ligi tarehe 22 Juni 2024. Siku 14 baada ya hapo, tarehe 6 Julai, timu ya taifa ilikuwa inacheza na Ireland, palepale Loftus. Kalenda ya klabu ni ya kaskazini, kalenda ya taifa ni ya kusini, na mchezaji wa Afrika Kusini anazitumikia zote mbili. Mwenzake wa Ireland ana miezi yake ya kupumzika inayoeleweka. Huyu anapumzika pale kocha anapomficha.

Kitu kimoja kidogo cha kiufundi, kwa wasiofuatilia raga. Kikosi cha siku ya mechi ni watu 23, na ndani yake lazima wawepo wa akiba wa kutosha waliofunzwa kucheza safu ya mbele ya skramu, pale watu wanane wanaposukumana na wanane. Sheria inabana hapo kwa sababu shingo ya mtu asiyefunzwa inaweza kuvunjika. Kwa hiyo unapopeleka kikosi cha pili, nafasi hizo hujazi na yeyote. Unawapeleka vijana wa safu ya mbele ambao labda wangesubiri mwaka mwingine. Wanakwenda kusukumana na wakomavu ugenini, mbele ya uwanja uliojaa. Kwenye mbio kijana anaweza kujificha. Pale hana pa kujificha.

Hesabu ilivyotoka

Tarehe 20 Aprili Bulls walishuka Loftus na watu wao waliopumzika. Munster akashinda 27–22.

Iliuma, maana kikosi kilitolewa kafara Northampton kwa ajili ya siku hiyo. Mwisho wa mechi 18 Munster alikuwa wa kwanza kwa pointi 68, Bulls wa pili kwa 66; ushindi wa siku ile ungewageuza. Hata hivyo hesabu kubwa haikufa. Bulls waliifunga Leinster, nayo ya Ireland, 25–20 kwenye nusu fainali, nyumbani. Siku hiyohiyo Glasgow ya Scotland iliwatoa Munster kwao Limerick, 17–10, na fainali ikahamia Pretoria kama White alivyokuwa akiomba. Wakaipoteza, 21–16, mbele ya watu wao.

Na aliyewafunga ni Glasgow. Timu iliyocheza Limerick tarehe 15 Juni, ikapanda ndege mpaka Afrika Kusini, ikacheza tarehe 22, ikabeba kombe juu kwenye ile hewa nyembamba. Wiki moja, umbali uleule, upande wa pili. Mtu akinibishia kwamba safari si kisingizio, huu ndio ushahidi wake mzuri, na naukubali. Safari moja haiui timu. Ila Glasgow wakati huo walikuwa na mechi moja tu iliyobaki kwa msimu mzima. Hawakuwa na wiki ijayo ya kuiwekea akiba, kila mtu mzima alicheza. Bulls mwezi Aprili walikuwa na wiki ijayo, na iliyofuata, na nyingine. Tatizo la Northampton ni umbali uliowekwa katikati ya mashindano mawili bila hata wikiendi moja tupu.

La Rochelle ya Ufaransa wanatoa ushahidi wa upande mwingine. Jumamosi ileile ya tarehe 6 waliwafunga Stormers ya Afrika Kusini 22–21 kwao Cape Town. Hawa walikuwa mabingwa wa Champions Cup mara mbili mfululizo, 2022 na 2023, na fainali zote mbili waliifunga Leinster. Wiki iliyofuata, tarehe 13, wakaenda Dublin kwa Leinster huyohuyo. 40–13. Wao hawakuacha kombe, walilitaka, na bado wiki ya kutoka Cape Town kwenda Dublin iliwaangusha. Siwezi kusema safari peke yake ndiyo iliyowafunga, kwa sababu Leinster ni Leinster. Lakini timu mbili zilizovuka ikweta kati ya 16 bora na robo fainali zilifungwa jumla ya pointi 99 siku moja. Mpanga ratiba anayeziona namba hizo asiseme ni bahati mbaya.

Kisha kuna Sharks wa Durban, ndugu zao Bulls. Msimu huohuo walikuwa hoi kwenye ligi, wakamaliza nafasi ya 14 kati ya 16. Hawakuwa na cha kulinda huko. Basi nguvu zote wakazielekeza Challenge Cup, kombe la pili la Ulaya. Nusu fainali waliicheza London dhidi ya Clermont, wakapita 32–31, na tarehe 24 Mei wakaifunga Gloucester 36–22 kwenye fainali. Kombe likaenda Durban, na nafasi ya Champions Cup ya msimu uliofuata juu yake. Bulls na Sharks, nchi moja, kalenda moja, safari zilezile. Kila mmoja alichagua mashindano mamoja na kuyatupa mengine. Hapo ndipo ninaposimama: ratiba iliyopo inamlazimisha mtu wa Afrika Kusini kuchagua, na mwenye timu nzuri kwenye ligi ndiye atakayelitupa kombe.

White alipokosea

Pamoja na hayo yote, nisingepeleka kikosi kile. Ningegawa nusu. Ningechukua angalau nahodha mmoja mkomavu wa kila safu, hasa ile ya mbele, niwazungushie vijana, na hao wakomavu ndio wapumzike tarehe 20 au waingie kutoka benchi. Robo fainali ni mahali kijana anapojifunza, lakini anajifunza akiwa amesimama karibu na mtu anayemwelekeza. Kumwachia kijana wa miaka 21 uwanja mzima wa ugenini mpaka 59 zifike ni kumtumia kama ngao ya wengine.

Na watu wa Northampton je? Uwanja wao, Franklin's Gardens, unaingiza watu takribani 15,000, na wamelipa kiingilio cha robo fainali. Timu yao msimu ule ilikuwa nzuri kweli: ilipoteza nusu fainali kwa Leinster kwa tofauti ya pointi tatu tu, 20–17, kisha tarehe 8 Juni ikawa bingwa wa England kwa kuifunga Bath 25–21. Walistahili kupimwa na Bulls wenyewe, na kombe lenyewe lilistahili mechi ile. Hilo halirudi.

Dawa kwa wenye ligi na kombe si ngumu kuitaja. Waache wikiendi moja tupu kati ya 16 bora na robo fainali. Wikiendi hiyo ingempa Bulls muda wa kujua anakwenda wapi, kukata tiketi, kufika siku tatu kabla. Ingemnyima Munster ile faida ya kufungwa. Na itoke wapi? Kwenye mechi za makundi, ambako timu nyingi zinasonga mbele hata bila kushinda sana, punguza hapo. Wenye televisheni hawatapenda, kwa sababu mechi pungufu ni pesa pungufu. Lakini robo fainali ya 59–22 iliyoamuliwa kabla ya ndege kuruka nayo haiuziki mara mbili.

Ukubwa ni tofauti, mkanganyiko ni huuhuu tulionao Kigoma kwenye mashindano ya vijana. Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukifika, vijana bora wa timu za mitaani wanaitwa kambi za shule, na ligi zetu hazisimami. Nimewapokea vijana kutoka Kibondo waliofika Mwanga, hapa mjini Kigoma, asubuhi kwa Coaster kwa ajili ya mechi ya saa kumi jioni. Wanashuka mmoja mmoja wakinyoosha magoti. Mmoja alikaa ukingoni mwa mtaro akavua viatu, vifundo vimevimba, mstari wa soksi umeingia ndani ya ngozi. Mwalimu wao alikuwa anahesabu vichwa, na hesabu haikuzidi kumi na watatu. Wengine wako kambini. Wakafungwa nyingi. Jioni ile nilisikia watu wazima wakisema Kibondo wameleta timu ya kuchezea.

Wangeweza kuuliza nani aliiweka mechi ile tarehe ile. Ratiba zetu huanzia timu za mjini, kwa sababu sisi ndio tunaokaa kwenye kikao, na wa wilayani wanajazwa kwenye nafasi zilizobaki, hata kama nafasi hiyo ni siku ileile kambi imefunguliwa. Safari hii kamati ya ratiba ianze kwa kuandika tarehe za UMISSETA na kuziacha tupu. Zifuate mechi za Kibondo na Kakonko, zichezwe siku ya pili baada ya wao kufika, mbili kwa safari moja ili wasirudi barabarani wiki ijayo. Sisi wa Ujiji, Gungu na Mwanga tupangwe mwisho, maana tunafika uwanjani kwa miguu.